Mama mkwe, watoto wawili, Mikumi na Jambiani: miguuni tuvae nini, na tuishi vipi na wenyeji?

Swali: Dada, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dodoma. Likizo ya mwezi wa sita mimi na mume wangu tunawapeleka watoto wetu wawili, wa miaka 9 na 14, Mikumi kwa siku mbili, halafu Unguja, kijiji cha Jambiani, siku nne. Tunakwenda na mama mkwe. Ana miaka 71, ana sukari, na hajawahi kuiona bahari maishani mwake. Sijui tuvae viatu gani, wala nguo zipi ili wenyeji wasituone hatuna adabu. Halafu nina hofu: jirani yangu alirudi kutoka Unguja mguu umevimba, wiki mbili hakuvaa kiatu. Nisaidie.

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Umeuliza habari za kwetu mara mbili, maana mimi nimezaliwa Kilosa, jirani na Mikumi, nikaolewa Jambiani. Nimetembeza wageni porini na pwani kwa zaidi ya miaka ishirini, na kuna jambo moja limenikera miaka yote hiyo. Mgeni wa kutoka Ulaya akishuka kwenye gari, kiongozi wake anakaa naye robo saa: vaa hiki, usishuke pale, maji yanajaa saa fulani. Sisi Watanzania tukishuka tunaambiwa "karibuni, hapa nyumbani," basi. Na sisi wenyewe hatuulizi, tunaona haya kuonekana hatujui nchi yetu. Nina hakika jirani yako hakuna aliyemwambia neno. Kwa hiyo ukifika, iwe getini Mikumi au kwenye nyumba ya wageni Jambiani, sema wazi: "Sisi ni wageni hapa, tupeni maelezo yote mnayowapa wageni wengine." Una haki ya robo saa yako. Yangu ndiyo hii.

Nianze na mguu wa jirani, kwa kuwa ndio uliokufanya uniandikie.

Pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Michamvi, Bwejuu, Paje, Jambiani mpaka Makunduchi, imekingwa na mwamba ulio mbali na ufukwe. Mawimbi makubwa yanavunjikia huko. Huku ndani maji ni ya kina kifupi, na yakipwa unabaki uwanda mpana wa mchanga, majani ya bahari, mawe ya matumbawe na vidimbwi. Ukiutazama kutoka ufukweni utadhani unaweza kutembea mpaka mwisho wa dunia. Katika mawe na vidimbwi hivyo ndimo wanamokaa wale viumbe weusi wa mviringo wenye miiba mirefu kama nungunungu. Hawakufuati. Wametulia tu, na mtu akikanyaga, miiba inaingia nyayoni na kukatikia humo humo. Yupo pia samaki anayefanana na jiwe kabisa, ana miiba ya sumu mgongoni. Yupo taa, anayejifukia mchangani na kupiga kwa mkia akikanyagwa. Na kuna makombe mazuri yenye umbo la pia, ile wanayochezea watoto, yana mabaka ya kahawia na meupe, mtoto akiyaona lazima atake kuyaokota. Aliye hai ndani yake anachoma, na wapo wenye sumu ya kuua. Watoto waambie mapema: kombe la umbo la pia haliguswi, hata likionekana limekufa.

Nimeyajifunza haya kwa gharama. Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa, kaka zangu wawili walikuja kunitembelea kutoka Kilosa. Asubuhi ya mwezi mpevu nikawachukua tukatembea kuelekea mwambani, pekupeku, kwa sababu mchanga ulikuwa laini na maji yalifika vifundoni tu. Nilikuwa nimezoea nyika; nikauona uwanda wa bahari nikauchukulia kama uwanda wa Mkata kule Mikumi. Tulikaa huko tukitazama vidimbwi, migongo tumeipa pwani. Mara tukasikia sauti ya mwanamke: "Nyie! Maji yamewazunguka!" Tukageuka. Kati yetu na ufukwe, pale tulipopita pakavu, palikuwa na mkono mpana wa maji unaokwenda kasi.

Yule mama alikuwa anatoka kwenye shamba lake la mwani, humo humo baharini. Namkumbuka alivyokuwa: kanga imefungwa kibwebwe, gunia la mwani kichwani, na miguuni soksi nene za mpira za kijana wake, juu yake raba kuukuu zilizokazwa kwa kamba ileile ya kufungia mwani. Alilitua gunia likaelea, akalishika kwa mkono mmoja, kwa mwingine akamshika kaka yangu mdogo kifundo cha mkono, kwa kuwa alijua kwa kumtazama tu kwamba haogelei. Hakutupitisha njia ya mkato. Alizunguka kwa upande, akifuata tuta la mchanga ambalo mimi sikuliona, na pale penye kina zaidi maji yalinifika kifuani. Tulipofika nchi kavu kaka yangu mkubwa alikaa chini akageuza unyayo. Tulihesabu vichwa vyeusi kumi na vitatu vya miiba.

Kwa hiyo habari ya kwanza ya viatu baharini ni saa. Maji hupwa kwa karibu saa sita na kujaa kwa karibu saa sita, na kila siku wakati husogea mbele kama dakika 50. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, tofauti kati ya kupwa na kujaa kwetu hufika kama mita 4. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo ni ndogo zaidi. Siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na saa hiyo ndiyo wageni wamemaliza chai wanataka kutembea. Maji yakianza kurudi hayaji kwa mstari mmoja kutoka mbele yako. Yanaingia kwanza kwenye mifereji ya chini, na mingi iko nyuma yako, karibu na pwani. Katikati ya kujaa, saa ya tatu na ya nne, ndipo yanapokwenda kasi kuliko wakati wowote. Jioni mtakayofika, muulize mwenyeji wako: "Kesho maji yanapwa saa ngapi?" Hakuna mtu Jambiani asiyejua. Mkitaka kutembea ndani, ondokeni maji yakiwa bado yanapwa, na geuzeni kurudi kabla hayajaanza kujaa. Nendeni na mtu wa kijiji, mumlipe kwa kazi yake.

Miguuni, kwa wote watano, kiatu cha maji chenye soli ngumu kinachokaza kisigino. Zile raba za maji zinazouzwa madukani ni nzuri. Usipozipata, raba ya zamani ya shule yenye kamba inafanya kazi vizuri sana, na wala hutaionea uchungu ikiharibika. Yeboyebo zinafaa mchangani na kwenye maji ya magoti, mradi ule mkanda wa nyuma uwe umeshushwa kisiginoni. Mwambani hazifai, zina matundu na soli laini. Kandambili usiziingize baharini kabisa. Zinavuka na kuelea, mtoto anazikimbilia, na hapo hapo anakanyaga asipopaona. Fundisheni watoto kuburuza miguu wanapotembea kwenye maji ya mchanga badala ya kuinua na kukanyaga: taa akiguswa ubavuni anaondoka, akikanyagwa mgongoni anapiga.

Mtu akichomwa na miiba, au na samaki, au na taa, dawa ya kwanza ni maji ya moto. Yawe ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, na mguu ukae humo nusu saa mpaka saa moja na nusu, mkiongeza maji yanapopoa. Joto hilo linapunguza nguvu ya sumu na maumivu hutulia. Wenyeji wengi watakuleteeni utomvu wa papai bichi. Pokeeni kwa shukrani, ila anzeni na maji ya moto. Miiba inayochungulia itoeni taratibu kwa kibanio. Iliyokatikia ndani msiichimbe kwa sindano. Vipande vidogo vingi huyeyuka au hutoka vyenyewe, na kuchimba ndiko kunakoleta uvimbe na usaha wa wiki mbili. Sikumuona jirani yako, lakini nimeona miguu mingi iliyoharibiwa na sindano kuliko iliyoharibiwa na miiba. Ikiwa mwiba uko karibu na kiungo, au aliyechoma ni taa au yule samaki wa mawe, au uvimbe unapanda, nendeni hospitali. Iko ya Makunduchi, si mbali na Jambiani, na kubwa ya rufaa ni Mnazi Mmoja mjini. Waulizeni pia habari ya chanjo ya pepopunda.

Sasa mama mkwe. Hapa nakuomba utulie usome polepole, kwa sababu ndiye msafiri anayehitaji viatu kuliko nyote.

Mtu mwenye sukari kwa miaka mingi mara nyingi hupoteza hisia za nyayo. Mchanga wa Jambiani saa saba mchana ni mweupe na unachoma. Wewe utaruka, yeye anaweza kutembea juu yake mpaka ngozi ikachubuka bila kujua. Kipande cha matumbawe kikiingia kwenye kiatu anaweza kukaa nacho mchana kutwa. Na yale maji ya moto niliyoyasema, kwake ni hatari: mguu usiohisi utaungua ndani ya beseni huku akisema "niko sawa." Akichomwa, maji apime mtu mwingine kwa kiwiko chake, yasiwe ya moto sana, na mkimbilie hospitali mapema.

Kwa hiyo asitembee pekupeku hata hatua moja, hata chumbani, hata kwenda chooni usiku. Mnunulie kiatu cha wazi chenye mikanda mipana ya kubana, mbele kimefunikwa vidole, soli nene. Kiwe na nafasi, kwa sababu miguu huvimba kwenye safari ndefu. Kisiwe kipya siku ya safari. Aanze kukivaa nyumbani wiki mbili kabla. Na kila jioni, kabla ya kulala, mmoja wenu apige magoti amkague nyayo kwa tochi, katikati ya vidole na kisigino. Mjukuu wa miaka 14 anaweza kazi hiyo, na bibi atafurahi. Dawa zake zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi linalopakiwa mbali. Kama anachoma insulini, isikae juani ndani ya gari. Awe na kitu cha kutafuna karibu naye, maana safari za porini huchelewesha chakula.

Mikumi ni nyepesi zaidi kwa viatu, kwa sababu muda mwingi mtakuwa ndani ya gari. Raba za kawaida zilizofunika mguu zinatosha. Buti za kupanda mlima hamzihitaji, labda mkipanga matembezi ya miguu na askari wa hifadhi, na kwa hayo mtoto wa miaka 9 kwa kawaida hachukuliwi. Nisichotaka kuona ni kandambili. Miiba ya migunga inapenya soli ya kandambili kama sindano kwenye kitambaa, na katambuga tu, zile za matairi, ndizo ninazoziamini dhidi yake. Jioni kambini ndipo viatu vinapokuwa muhimu. Kifutu ni nyoka mvivu: akikusikia hakimbii, anatulia njiani akitegemea rangi yake. Mtu anatoka hemani kwenda kula, pekupeku, bila tochi, kwa sababu ni hatua ishirini tu. Viatu vilivyofunikwa na tochi inayomulika chini, hata kwa hatua tano. Asubuhi mkung'ute viatu kabla ya kuvaa, nge hupenda humo. Akitokea kuumwa mtu na nyoka, msikate, msinyonye, msifunge kamba. Mguu utulizwe usitingishike na gari liwashwe kwenda hospitali.

Rangi za nguo zina maana kule. Mikumi kuna mbung'o, na mbung'o anavutwa na bluu iliyoiva na nyeusi; mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo makusudi. Kila familia inayokuja kutoka mjini imevaa jinzi! Vaeni kaki, kijani kilichofifia au kahawia, mikono mirefu, kitambaa kizito kidogo, kwa sababu mdomo wa mbung'o unapenya kitambaa chepesi. Mwezi wa sita asubuhi ni baridi, chukueni masweta, hasa kwa bibi. Na kijana wako kama ana kaptura au kofia ya mabakamabaka, iacheni Dodoma. Raia haruhusiwi kuvaa nguo zinazofanana na sare za jeshi, na maelezo ya "ni fasheni tu" hayasaidii kituoni.

Kuhusu kushuka kwenye gari, sheria ni fupi: mnashuka pale tu panaporuhusiwa. Lakini ninajua ni wapi inavunjwa. Inavunjwa kwa ajili ya kuchimba dawa. Barabara kuu ya TANZAM, ile iendayo Zambia, inapita katikati ya hifadhi, na wengi wetu tumekua tukisimamisha basi popote. Mwaka mmoja nilikuwa na familia moja kwenye uwanda wa Mkata, mtoto amebanwa, mama yake ameshafungua mlango kabla sijamaliza kusema subiri. Nyasi zilikuwa za magoti tu, rangi ya dhahabu, tupu kabisa. Nikaomba dakika moja, nikatazama kwa darubini. Nilichokiona kwanza ni sikio moja, halafu ncha nyeusi ya mkia ikitikisika. Simba jike, amelala, hatua kama thelathini kutoka mlangoni. Yule mama aliufunga mlango bila sauti, akamshika mtoto wake kwa nguvu mpaka tukafika kwenye choo cha kituo cha kupumzikia.

Kwa hiyo watoto waende haja kabla ya kuingia getini, na kila mnapofika penye choo washuke, wakitaka wasitake. Ikitokea dharura, kiongozi ndiye anayechagua mahali, anatazama pande zote, na mtu anajisitiri nyuma ya gari akishika gari, si nyuma ya kichaka. Kichaka ndipo mnyama alipo. Bwawani kwa viboko simameni pale mlipoelekezwa, na kamwe mtu asikae kati ya kiboko na maji yake.

Ndani ya gari adabu ni utulivu. Msigonge mlango ili simba ainue kichwa. Msiwashe muziki. Watoto wasitoe mikono na vichwa nje. Na mume wako, namwomba kwa heshima, asimwambie dereva "sogea kidogo, sogea tena." Dereva anataka kuwafurahisha, anaogopa kukataa, na mwisho anaacha barabara na kukanyaga nyasi, jambo ambalo ni kosa na linaweza kumgharimu kazi. Tembo akitanua masikio na kuwageukia, ameshasema, mwacheni apite. Tena nyani wa barabara kuu: watu wa mabasi huwatupia ndizi na maganda. Nyani wanajifunza kusubiri chakula barabarani, wanagongwa, mama na mtoto mgongoni. Mkila ndani ya gari, maganda yarudi nayo. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo bebeni kikapu na mfuko wa kitambaa. Huo wa kitambaa utafaa pia kwa viatu vilivyolowa.

Kiongozi akifanya kazi vizuri, bakshishi mpeni mwishoni, mkononi mwake, na neno la asante mbele ya watoto. Abaki akikumbuka kwamba Watanzania wenzake wanaithamini kazi yake.

Boti ya kwenda Unguja huchukua kama saa mbili. Mwezi wa sita kusi linavuma, bahari inaweza kuchafuka, kwa hiyo msile vizito kabla, na bibi akae katikati chini, si juu mbele. Vitambulisho vya taifa viwe karibu, na vyeti vya watoto. Mkiingia chomboni, chochote kile, tazameni kwanza jaketi za kuokolea maisha ziko wapi na kama zipo za watoto. Tulizika watu wengi meli zilipozama Septemba 2011 na tena Julai 2012, na tangu hapo sioni haya kushuka kwenye chombo kilichojaa kupita kiasi. Hata ngalawa ya kwenda mwambani: jaketi livaliwe na kufungwa, si kukaliwa. Na mkipanda ngalawa au jahazi la mwenyeji, vueni viatu kabla ya kukanyaga ndani. Chombo ni nyumba ya mtu.

Nguo za Jambiani. Mbele ya hoteli, kwenye maji, mnaweza kuvaa nguo za kuogelea bila shida. Lakini Jambiani ni kijiji kirefu kilicholala ufukweni, nyumba, misikiti na madrasa vimechanganyika na nyumba za wageni. Hatua chache tu umetoka hotelini umeingia uani kwa mtu. Hapo mabega na magoti yafunikwe. Wewe na mama mkwe chukueni kanga mbili mbili: moja kiunoni, moja mabegani, na hata kichwani ukipita karibu na msikiti. Mume wako naye ajue kwamba kifua wazi kijijini hakipendezi. Shati lake alitundike begani akitoka majini, avae. Wanaume wengi wa bara wanadhani habari ya stara ni ya wanawake peke yao.

Salimieni. Mwenye umri umpe shikamoo, mkikuta watu barazani semeni asalaam alaykum, na msiulize bei wala njia kabla ya salamu kuitikiwa. Mlangoni ni hodi, na mkikaribishwa viatu vinabaki nje, kwa hiyo kwa matembezi ya kijijini na ya Mji Mkongwe vaeni vinavyovuka kwa urahisi, kama makubadhi. Mama mkwe mwelezeni mwenye nyumba: "Mama ana sukari, miguu yake haihisi." Atapewa kiti na ataachwa na kiatu chake kilichofutwa, wala hakuna atakayechukia. Adhana ikilia, punguzeni sauti za simu na spika. Bia ziishie hotelini. Mkibadilisha safari ikaangukia Ramadhani, msile wala kunywa hadharani mchana. Watoto wadogo hawana lawama, ila wale ndani.

Mtawakuta akina mama wa mwani. Tangu mwaka 1989 kilimo hicho kilipoanza Paje na Jambiani, vile vigingi na kamba mnavyoviona majini vimesomesha watoto wengi, wakiwemo wa mume wangu na dada zake. Kila kamba ina mwenyewe. Msizivuke, msizikanyage, msipige picha ya mwanamke ameinama kazini bila kumwomba. Salimieni, ombeni, na akikataa muwe mmeshasikia. Kiti cha pweza, yule mwenye mikono mitano, watoto wamtazame akiwa ndani ya maji. Siku hizi nawaona wageni wetu wenyewe wanamtoa nje wamweke kichwani wapige picha, wanampitisha mkono kwa mkono, na anakufa taratibu bila kelele. Ninaumia kila ninapoona.

Mapapasi watawajia na ngalawa, viungo, bangili. Ni vijana wanaotafuta riziki. Mkiwa hamtaki semeni "ahsante, hatuhitaji" kwa upole na mwendelee. Msiseme "kesho inshallah" kama hamna nia, kwa sababu kesho asubuhi atakuwa amekaa mlangoni anawasubiri, na atakuwa na haki.

Watoto majini: mtu mzima mmoja awe nao kwa umbali wa mkono, si kwa umbali wa jicho, na maji yasipite kiuno cha yule mdogo. Msiogelee karibu na mlango wa mwamba maji yanapopwa, pale bahari inatoka kwa nguvu. Akivutwa mtu asipigane na mkondo uso kwa uso. Aelee, akate kwa upande sambamba na pwani, ndipo arudi. Mafuta ya kuzuia jua yanatuhusu hata sisi weusi, hasa pua, mabega na midomo ya watoto. Usiku lalieni chandarua, huku na kule.

Ulisema mama hajawahi kuiona bahari. Mpeleke siku ya pili, akishapumzika. Chagua wakati maji yamejaa, si yamepwa, ili asilazimike kutembea mbali. Kama mtaangukia bamvua itakuwa mnamo saa kumi jioni, jua limelegea na mchanga umepoa. Omba kiti cha plastiki hotelini. Kiwekeni pale wimbi linapofika na kurudi, miguu yake minne izame kidogo mchangani, mmoja akishikilia kwa nyuma. Mfunge kanga isilowe, mpe mjukuu mmoja kila upande wa kushika. Mara ya kwanza maji yatampanda mpaka vifundoni na yakirudi atahisi kama kiti kinakwenda nayo. Mwambie mapema asiogope, ni mchanga ndio unaokimbia. Atataka kuvua viatu, wazee wote hutaka. Usimvue. Maji yataingia yenyewe kupitia mikandani.